Shahidi wa Kijicho katika Jumba la Mizania

Waliofika nchi ya Mizania ni wachache, na waliorudi wakasema kweli ni wachache zaidi. Mmoja wao ni Chande Mbwera, na habari zake nazisimulia kama nilivyozipata. Njia aliyopita isitushughulishe, maana njia zote za kwenda huko zinafanana. Tuanze na barua iliyomtoa kwake.

Barua ilifika asubuhi, Chande yuko uani anachekecha jivu. Ilikuwa na muhuri wa nta nyeusi, nayo ilisema hivi: "Jumba la Wajuzi la Mizania linakuomba ufike kutoa ushahidi juu ya Bwana Nasibu Mkwachu, anayeomba kiti. Tumefanya uchunguzi wa mwaka mzima, na tumeridhika kwamba hapana mtu duniani anayefaa kazi hii kuliko wewe."

Chande aliisoma mara tatu, na kila mara alipofika kwenye lile jina alihisi kitu kikimpanda kifuani. Nasibu! Walikaa dawati moja chuo cha kilimo. Wote wawili walitoka hapo wakaapa kumshinda dumuzi, yule mdudu mdogo anayeingia ghalani mahindi yakiwa mahindi na kuyaacha yakiwa unga. Miaka ikapita. Nasibu akahamia Mizania, na huko akagundua kwamba jivu la kichaka kiitwacho mtulivu, likichanganywa na mahindi, dumuzi hasogei. Mwaka huohuo Chande alikuwa na mzigo mzima wa mtulivu nyumbani kwake. Alikuwa ameupikia maharage.

"Wanakuitia nini, na wewe yule mtu humpendi?" aliuliza mkewe, Bi Mashavu.

"Nani kasema simpendi?"

"Baba Zawadi, redio ilimtaja mara moja tu, ukaitoa betri. Mpaka leo hatusikilizi hata matangazo ya vifo."

Chande alikuwa amekwisha kuona nafasi yake. Jumba zima la wajuzi limenyamaza, Nasibu amekaa mbele na kanzu mpya, na yeye Chande anasimama kusema lile neno moja la kumrudisha mtu kwao. Akafunga mzigo siku hiyohiyo.

Mizania alipokewa na karani wa mizani, Bi Tunu Shebuge, mwanamke mnene wa sauti ya taratibu, aliyebeba mizani ndogo ya shaba kwapani kama wenzake wanavyobeba mkoba.

"Karibu sana, Bwana Chande. Shahidi wa kijicho wa daraja lako hatujampata tangu enzi za marehemu mama, aliyekuwa karani kabla yangu."

"Shahidi wa nini?"

"Wa kijicho."

"Bibi, mmekosea mtu. Mimi sina kijicho na mtu yeyote."

Bi Tunu akatoa karatasi. "Hiyo ni fomu namba moja. Mashahidi wote huanza nayo. Tia sahihi hapa, kwamba huna kijicho." Chande akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikapasua karatasi, na Bi Tunu akaandika pembeni kwamba karatasi imepasuka.

Wakatembea ukumbini, bibi akimweleza. Jumba lilianzishwa zamani na watu saba waliokutana kila Jumatatu kusomeana walichoandika. Walipendana mno. Aliyesoma alisifiwa, na aliyesifu akasifiwa zamu yake ilipofika. Kufikia mwaka wa tisa Mizania ilikuwa na wajuzi sitini na watatu, kila mmoja akiitwa Bahari ya Elimu, na haikuwa na daraja hata moja. Ndipo mmoja wa bahari hizo akachora daraja. Wenzake sitini na wawili wakalisifu, likajengwa. Siku ya kulifungua, bendi ya serikali ilipofika katikati ikipiga, daraja likainama taratibu na kuwashusha wote majini. Hakufa mtu, ila ngoma kubwa ya bendi ilionekana kesho yake kwenye mlango wa mto, wavuvi wakiigombea.

Tume ikaundwa. Katika kabati la Jumba ikakuta waraka wa kurasa kumi na nne, ulioandikwa na mtu asiyeweza kumvumilia yule mchoraji hata kidogo. Alikuwa ametaja nguzo mbovu zote, moja moja, kwa namba. Juu yake katibu alikuwa ameandika: "Wivu. Uhifadhiwe."

"Tangu hapo tukajua," alisema Bi Tunu. "Rafiki yako husoma jina lako juu ya kitabu, akakupigia makofi. Anayekuonea kijicho husoma mpaka tanbihi."

Basi ikatungwa sheria. Mtu hapewi kiti, wala elimu yake haitiwi muhuri, mpaka yule anayemwonea kijicho kuliko wote aisome kazi yake siku tatu, kisha asimame mbele ya watu aseme: "Nimetafuta, sikuona." Akiona kosa moja na akalithibitisha, mwombaji anarudi kwao. Na elimu isiyo na muhuri haifundishwi Mizania, hata kama ni kweli tupu. Kwamba maji huteremka mlimani ilitiwa muhuri juzijuzi tu, baada ya miaka ya kumtafuta mtu wa kuyaonea maji kijicho.

Chande alipotembea mjini aliyaona matunda ya sheria ile. Vijana waliosoma hawakutafuta marafiki, walitafuta mahasidi. Waliwapita wenzao njiani bila salamu, wakajisifu misibani, wakajenga ghorofa ya pili isiyo na mtu ili jirani akose jua. Nje ya lango la Jumba alikaa mwanahesabu mmoja mpole, mwaka wa thelathini na moja sasa. Kazi yake ilikuwa safi, lakini alikuwa mwema mno na kila mtu alimpenda, kwa hiyo hakupata shahidi. Alimwamkia Chande vizuri, akamuuliza hali ya safari. Kweli hakuna ambaye angemwonea gere mtu yule.

Siku ile ile mchana Chande akapimwa. Mezani paliwekwa sahani ya pilau ya nusu kilo kamili, na mbele yake akasimama msomaji.

"Uso hudanganya, na ulimi ndio usiseme," alieleza Bi Tunu. "Lakini kijicho hukaa kooni. Wewe kula tu, na yeye atasoma sifa za mwombaji. Kisha tutapima kilichobaki."

Hapa Chande akaapa moyoni kwamba pilau ile ataimaliza na ukoko wake ataomba. Tonge la kwanza likapita. "Nasibu Mkwachu," akasoma yule mtu, "mwenye bidii tangu utotoni." Tonge la pili likapita kwa msaada wa maji. "Licha ya sifa zake, amebaki mnyenyekevu." Tonge la tatu likafika kooni likasimama. Mnyenyekevu! Mtu aliyekuwa akijichana nywele mbele ya dirisha la mkuu wa chuo! "Na wanawake wa bonde la chini," akaendelea msomaji, "humwombea dua kwa jina." Chande akaisukuma sahani.

Bi Tunu akapima. Machozi ya furaha yakamlengalenga. "Daraja la kwanza, Bwana Chande. Hongera."

"Nilikuwa nimeshiba."

"Hiyo ni fomu namba mbili."

Akafungiwa chumbani na kitabu cha Nasibu kwa siku tatu. Sidhani kama pana kitabu kilichowahi kusomwa vile. Alikisoma kuanzia mbele, akakisoma kuanzia nyuma, akazijumlisha hesabu zake upya kwa vidole. Siku ya kwanza hakuona kitu, na usingizi ukamkataa. Siku ya pili hakuona kitu, na zaidi ya hapo alianza kuona jinsi kazi ilivyofanywa vizuri, jambo lililomuuma kuliko yote. Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, akafika ukurasa wa tisini na sita, penye orodha ya vijiji ambako jivu lilijaribiwa. Vyote vilikuwa vya bonde la chini, kwenye ukavu. Nasibu hakupanda milimani.

Chande akacheka peke yake. Jivu la mtulivu penye unyevu hunywa maji, likashika donge, na mahindi yakavunda. Yeye alilijua hilo, na alivyolijua hakumwambia mtu. Baada ya kusikia habari za Nasibu alilijaribu jivu kwa siri, tena kwenye kihenge cha mama mkwe wake, kwao Bi Mashavu milimani, na kihenge kizima kikaoza. Mama mkwe hajamsamehe. Mwaka uliofuata, kwa hasira, alitafuta mpaka akapata njia: likaange jivu na mchanga wa mtoni hadi likauke kabisa, ndipo uchanganye. Mahindi yakakaa miezi kumi na moja. Lakini kulitangaza jambo lile ingekuwa kuongeza mkia kwenye jina la Nasibu, na Chande aliona heri dumuzi washibe.

Siku ya ushahidi Jumba lilijaa. Kwa desturi, kila mwenye shughuli ukumbini huwekewa sahani mbele yake, ili karani aone mioyo inakwendaje. Nasibu alikuwa amekaa upande wa pili. Mvi zilikuwa zimemwingia, na kanzu haikuwa mpya. Alimtazama Chande kwa macho ya mtu anayengoja kupasuliwa jipu.

"Shahidi," akasema Mkuu wa Jumba, "umetafuta?"

"Nimetafuta," alisema Chande, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu mia nne walikuwa wakimsikiliza yeye. "Na nimeona."

Akaeleza habari za milima, na donge, na kuvunda. Alipoulizwa ushahidi, hakuwa na budi kukitaja kihenge cha mama mkwe wake, ukumbi ukacheka. Akavumilia. Nasibu aliinamisha kichwa, akafungua kitabu chake ukurasa wa tisini na sita, akaufunga tena.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma, amejitanda kanga mbili. "Sisi wa milimani tumeshachanganya," alisema. "Hatukungoja muhuri wenu, dumuzi hangoji. Sasa wewe baba umesema yanaoza, sawa. Tufanyeje?"

Angeweza kunyamaza. Sheria haikumtaka zaidi ya kosa. Lakini Nasibu aliinua kichwa naye akawa anangoja jibu, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba hakulijua. Chande hakuweza kujizuia. Huruma kwa yule mama ilikuwapo, sisemi haikuwapo, ila kubwa lilikuwa utamu wa kujua kitu asichokijua Nasibu. Akataja mchanga, kikaango, na miezi kumi na moja. Mama yule akarudia maneno yote kwa sauti ili asisahau, kisha akatoka mbio bila kumshukuru mtu.

Jumba likachafuka. Mjuzi mmoja alisema ushahidi umebatilika, kwa kuwa hasidi haponyi. Mwingine akauliza kama kuponya kwa kujionyesha ni kuponya. Walibishana tangu saa nne mpaka saa nane, na wawili wakavuliwa kofia. Mwisho wakamwita Bi Tunu apime sahani ya shahidi. Ilikuwa haijaguswa. Ikaamuliwa kwamba Chande alitoa dawa bila wema wowote, na ushahidi wake ni halali.

"Nasibu Mkwachu anarudi," alisema Mkuu. "Na kwa mujibu wa sheria, aliyeziba pengo anaweza kuomba kiti yeye, akipata shahidi."

Bi Tunu alikuwa bado ukumbini na mizani yake. Alisita mbele ya Nasibu, akaitazama sahani yake, akaipima mara mbili. Nusu kilo kamili. Punje haikuondoka.

"Tangu lini unamwonea kijicho?" Mkuu alimuuliza Nasibu.

"Tangu alipotaja mchanga," alisema Nasibu kwa sauti ndogo. "Kitu rahisi namna hiyo. Miaka saba nimelichunguza jivu, sikukiona."

Nasibu naye akafungiwa siku tatu na daftari la Chande, alimoandika habari za mchanga. Siku ya nne akasimama, midomo imemkauka. "Nimetafuta," alisema, akalifunua daftari mara ya mwisho, watu wakadhani hatamaliza. "Sikuona."

Hivyo Chande akapata kiti, na muhuri ukatiwa: Dawa ya Chande. Jivu lilikuwa la Nasibu, na uchunguzi wa miaka saba ulikuwa wa Nasibu, lakini kwenye tangazo palikuwa na nafasi ya jina moja tu. Chande alilisoma tangazo lile kila lango alilopita. Alinenepa. Alimwandikia mkewe anunue betri. Na Bi Tunu alipokuja Jumatatu kumpima, kwa kuwa mwombaji aliyerudishwa huruhusiwa kuomba tena iwapo shahidi wake bado anafaa, alikuta sahani nyeupe, imefutwa kwa kidole.

"Imekwisha?" aliuliza bibi kwa huzuni.

"Imekwisha. Mwambie ndugu yangu Nasibu, sina kijicho naye tena. Leta fomu namba moja niitie sahihi."

Safari hii karatasi haikupasuka. Jumatatu nne zikapita hivyo. Nasibu aliambiwa kwamba hana tena wa kumwonea kijicho, akashukuru, akakunja kitabu chake kwenye kanga, akaondoka mjini. Watu walisema amekwisha.

Kumbe alikuwa amepanda milimani. Dawa ilikuwa na muhuri sasa, na yeyote aliruhusiwa kuifundisha. Alikwenda kijiji kwa kijiji na kikaango chake, akikaanga jivu mbele ya watu, akiwaonyesha kwa mkono wake liwe kavu kiasi gani. Habari hizi Chande hakuzijua mpaka mavuno yalipoisha, siku alipokwenda sokoni kununua ndizi. Pale alimwona yule mama wa kanga mbili, ameketi nyuma ya chungu ya mahindi mazima, meupe, hayana hata tundu.

"Mahindi mazuri haya, mama," alisema Chande, akijiweka tayari.

"Ya Nasibu," alijibu mama bila kumtambua. "Kijiji kizima ni ya Nasibu. Mwanangu kazaa, mtoto tumemwita Nasibu. Wa jirani ni msichana, naye wamemwita Nasibu hivyohivyo, watajijua wenyewe. Yule mtu alikaa kwangu siku sita, alikuwa anapuliza moto mwenyewe. Wewe unamfahamu?"

"Namfahamu," alisema Chande. Aliondoka bila ndizi.

Mchana ule Jumba lilikuwa na karamu, na palikuwa na kuku wa nazi anayempenda sana. Chande alinawa, akatia tonge, na tonge likasimama palepale pa zamani. Akanywa maji. Akajaribu mchuzi peke yake. Katika kiti chake cha kuchongwa, chini ya jina lake la dhahabu, akamwona Nasibu akipuliza moto kijijini, macho mekundu kwa moshi, na mtoto wa kike anayeitwa Nasibu akilia kando yake. Wivu ukamshika kama homa. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda, na Chande alikuwa ameanza kukonda kabla sahani haijapoa.

Bi Tunu aliiona kutoka meza ya mbali. Alikuja karibu mbio, na mwili wake wote, akaweka mizani mezani.

"Kijicho kimerudi!" alisema. "Bwana Chande, kimerudi chote! Tena kimezidi!"

"Nyamaza, bibi, watu wanasikia."

"Waache wasikie. Unajua maana yake?"

Alijua. Maana yake ni kwamba Nasibu anaweza kuitwa tena, na wa kumpitisha ni yeye. Wangeweza kumkosa kwa uongo mmoja tu: angejilazimisha kula. Aliitazama ile sahani muda mrefu. Kisha akaifunika.

Wakaja wakampa kitabu, chapa mpya. Nasibu alikuwa ameongeza sura ya milimani, na kwenye sura ile, mstari wa kwanza, aliandika kwamba njia ya mchanga ni ya Chande Mbwera. Chande aliusoma mstari huo akitafuta kejeli, hakuiona. Alitafuta siku tatu. Alihesabu vijiji, alipima jivu, alikaanga mchanga chumbani mpaka wakamgongea mlango kwa moshi. Alitaka kosa kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na usiwe na shaka, lau lingekuwapo angelisema kwa raha zake.

Siku ya nne akasimama. Upande wa pili alikaa Nasibu, viatu vyake vina udongo wa milimani, na mbele ya kila mmoja wao palikuwa na sahani iliyojaa.

"Shahidi, umetafuta?"

"Nimetafuta," alisema Chande.

Akakohoa, akashika meza. Bi Tunu alifumba macho.

"Sikuona."

Watu wakapiga kelele, kofia zikarushwa. Kiti cha Nasibu kikaletwa, kikawekwa palipokuwa na nafasi, nayo ilikuwa jirani na cha Chande. Wakakaa bega kwa bega, kisha Nasibu akamwinamia.

"Ulitafuta kweli?"

"Wallahi nilitafuta, ndugu yangu. Nilitaka sana kuona."

"Na mimi siku ile," alisema Nasibu. "Nililia."

Kila mmoja akaitazama sahani ya mwenzake. Bi Tunu alikuwa amesimama nyuma yao, mizani mkononi, akingoja. Chande akavuta sahani ya Nasibu kwake, akamsukumia ya kwake, wakanawa, wakaanza kula.